Msukumo Mfupi wa Kushoto

27 Desemba

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya kesi ya wizi wa boti niliyokuwa naichunguza. Kesi ilifutwa, kurasa zikabaki. Nitazitumia kwa jambo lililozuka leo mezani.

Baba mkwe wangu, Gosse, ana miaka themanini na mbili na anaishi vyumba vya nyuma vya nyumba yetu hapa Lytsewier. Tangu Aprili macho yake yana doa la kijivu katikati. Anaona fremu ya mlango, haoni anayeingia. Leo redio ilisema baridi imekuja kukaa. Gosse aliweka kijiko kando ya supu ya njegere akatangaza kwamba Mzunguko wa Vinu Vinne ukifanyika mwaka huu, naye yumo. Ameukamilisha mara ishirini na tisa. Ni kilomita kumi na sita za kuteleza juu ya mifereji iliyoganda, kupitia vinu vinne vya upepo, na kwa majira manne ya baridi yaliyopita maji hayakuganda vya kutosha.

Mke wangu Ymkje alimwuliza ataziona vipi nyufa za barafu. Alijibu kwamba atashika ufito, fimbo ndefu ya watu wawili, na kukaa nyuma. Atakayeona ni wa mbele. Ymkje akauliza huyo wa mbele ni nani. Gosse alininyooshea kijiko.

"Huyu mkwe wangu."

Natoka Limburg, kusini, kwenye vilima. Nimekaa hapa Friesland miaka ishirini na sita na sijawahi kufunga viatu vya kutelezea barafu miguuni. Kila baridi ikija nasimama ukingoni na kalamu. Nilimkumbusha hayo. Akasema yeye amepungukiwa macho, si kumbukumbu.

29 Desemba

Nyuzi sita chini ya sifuri alfajiri. Mfereji umefunga barafu, isipokuwa pale bata wanapozunguka.

30 Desemba

Klabu ya barafu imefungua uwanja wake. Ni malisho ya ng'ombe yaliyomwagiwa maji. Kina hakifiki gotini, kwa hiyo barafu ya sentimita tano inatosha. Nilivaa jozi ya akiba ya Gosse: vibao viwili vyenye chuma chini, vinavyofungwa kwenye buti kwa kamba za ngozi. Kama anavyoanza kila mtu hapa, nilipewa kiti cha jikoni nikisukume mbele yangu.

Kwa saa mbili niliendesha kiti. Wengine waliokuwa na viti ni watoto watano na mjukuu wa mwokaji mikate, Hiske, mwenye miaka sita, ambaye aliniuliza kama niliugua utotoni, ndiyo maana sijui. Nilisema hapana. Akafikiri kidogo, akaenda zake.

Sikuanguka. Nilirudi nyumbani nikiamini nimepiga hatua. Ymkje, aliyekuwa ananitazama kutoka barabarani, alisema mikono yangu ilikuwa imesimama kama ya mtu anayezuia mlango usifunguliwe, na makalio yalikuwa yamebaki nyuma.

31 Desemba

Nimeandika ushauri wote niliopewa leo, kwa mpangilio wa kuupokea. Doeke, mpima barafu wa klabu: tazama mita mbili mbele ya miguu yako. Mwokaji: usitazame barafu kabisa, tazama kinu. Ymkje: mikono magotini. Mwanamke nisiyemjua: mikono mbele, kama unabeba sinia. Gosse: mikono mgongoni, mmoja ndani ya mwingine, kwa sababu anayepanua mikono anaonekana ametoka Amsterdam.

Nilijaribu mikono mgongoni. Nilianguka mara nne.

2 Januari

Doeke alikuja kunywa kahawa. Ana miaka hamsini, mapaja kama magogo, na amemaliza mizunguko mirefu kuliko ninavyoweza kuendesha baiskeli. Alisema waziwazi mbele ya Gosse kwamba yuko tayari kushika ufito mbele yake, asubuhi nzima ya mzunguko, na hataki shukrani. Nilihisi mzigo ukitua.

Gosse alikataa.

Doeke aliuliza kwa nini. Gosse alisema, "Wewe unateleza vizuri mno."

Doeke alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Alimaliza kahawa yake. Mlangoni aliniuliza kwa sauti ya chini kama akili za mzee ziko sawa. Nilimjibu ziko sawa kabisa. Hesabu za maji na umeme anazifanya kichwani. Ila hili sikulielewa, na bado silielewi.

4 Januari

Gosse amekitaifisha kiti. Anasema nikiendelea na kiti nitajua kusukuma kiti.

Alinipeleka bandani, penye sakafu ya saruji, bila viatu vya barafu. Aliteremka ngazi mbili za nyuma kama anavyoteremka siku zote, mguu wa kulia kwanza, ukuta mkononi. Kisha alisimama nyuma yangu akaweka viganja vyake kwenye nyonga zangu na kubonyeza.

"Kaa."

Niliinama.

"Hapo umeinama kama mtu anayetafuta funguo. Nimesema kaa, mkwe. Kuna kigoda nyuma yako, ila hukifikii."

Nilikunja magoti. Alipapasa goti langu, akashuka hadi ncha ya kiatu, akapanda hadi puani. Pua, goti na kidole gumba cha mguu viwe kwenye mstari mmoja, alisema, na mstari huo uwe wima. Kifundo cha mguu nacho kikunjwe. Wanaoanza hukunja kiuno na kuacha vifundo vimekakamaa, ndiyo maana chuma kinawatoroka mbele. Mgongo uwe wa mviringo kama wa paka aliyetulia. Uzito ukae katikati ya chuma kuelekea kisigino, usiende vidoleni. Nilikaa hivyo dakika tatu kwa saa yangu. Mapaja yalitetemeka na yeye alisikia, sijui vipi.

Kisha tukafanya misukumo mikavu. Uzito wote juu ya mguu mmoja, mwingine unasukuma ubavuni. Ubavuni, si nyuma: anayesukuma nyuma anakwaruza barafu kwa ncha na haendi popote. Kulia aliniacha ninyooshe mpaka mwisho. Kushoto, kila nilipofika nusu, alinigonga paja.

"Kushoto, fupi."

Niliuliza sababu. Alisema bado saa moja kabla ya chakula, niendelee.

7 Januari

Somo la kuanguka. Ukihisi unaondoka, usinyanyuke; kaa chini zaidi, kisha lala kwa ubavu kwenye paja, ngumi zimefumbwa ili asiyekuona asipite juu ya vidole vyako. Kuinuka: magoti yote mawili, kisha mguu mmoja, mikono juu ya goti hilo, sukuma. Nilifanya mara ishirini. Suruali ya kazini imeisha.

8 Januari

Upepo. Hakuna mazoezi.

11 Januari

Misukumo ishirini na saba mfululizo bila kushika kitu. Gosse alisimama ukingoni, kofia imefunika nyusi, uso ameuelekeza pembeni kwa sababu pembeni ndiko anakoona. Hata hivyo hanitazami. Anasikiliza. Chuma kikikwaruza anasema "ncha". Nikinyooka anasema "kaa". Anadai kwamba mtu aliyesimama wima hupiga barafu kwa kishindo, aliyekaa huipasua kama mkasi unavyopita kwenye kitambaa. Na kila baada ya misukumo michache, bila kuchoka: "Kushoto, fupi."

13 Januari

Baukje, mwalimu wa shule anayewafundisha watoto kuteleza kila Jumamosi, alinisimamisha. Ni mwanamke mwenye adabu. Alisema magoti yangu ni mazuri, mgongo ni mzuri, watu wazima wachache hukaa chini hivyo katika wiki mbili.

"Lakini Bwana Sjef, huo mguu wa kushoto unauacha njiani. Malizia. Unyooshe mpaka usikie paja limekwisha."

Nilimwambia nimefundishwa kuukata. Aliuliza nani amenifundisha. Nilipomtaja Gosse alirekebisha glavu zake, akasema kwamba Mzee Gosse ni wa zamani, na zamani walikuwa na namna zao.

14 Januari

Kushoto: Gosse anasema fupi. Baukje anasema ndefu. Nimejaribu zote mbili peke yangu. Ndefu inakwenda mbali zaidi, karibu mita moja. Nimepima.

16 Januari

Mfereji: sentimita nane. Doeke ameruhusu kipande cha kutoka daraja letu hadi kinu cha kwanza. Tumeshika ufito kwa mara ya kwanza.

Ni mti mwembamba wa mita tatu, umelainishwa na mikono. Tunaushika kwa mkono wa kulia, chini ubavuni, wa kushoto mgongoni. Mikono mgongoni sasa nimeielewa: si madaha, inazuia mabega yasizunguke. Mimi mbele, Gosse nyuma. Nikiona ufa nasema "ufa, kulia" na kuvuta ufito upande wa pili. Tulikwenda polepole kama jeneza. Nilisikia chuma chake nyuma yangu kwa muda, kisha sikukisikia. Niligeuka kuona kama bado yupo. Alikuwepo.

"Usigeuke," alisema. "Huko nyuma hakukuhusu."

19 Januari

Tumeanguka. Nitaandika kwa mpangilio, kwa sababu Ymkje ameniuliza mara tatu na mara tatu nimemjibu tofauti.

Saa nne asubuhi, jua, hakuna upepo. Tuliondoka darajani. Mita mia nne za kwanza zilikwenda sawa. Nilikuwa nimeamua tangu jana, bila kumwambia Gosse, kumfuata Baukje. Hoja yangu ilikuwa hii: Baukje ana macho, amenitazama, na kipimo changu mwenyewe kinamuunga mkono. Kwa hiyo tulipopita kibanda cha pampu nilianza kunyoosha kushoto mpaka mwisho.

Msukumo wa kwanza, ufito ulitikisika. Wa pili, ulinivuta kwenda kushoto wakati mimi nakwenda kulia. Wa tatu, chuma chake kiligonga kisigino changu. Nilikaa chini kama nilivyofundishwa, nikalala kwa ubavu. Gosse hakupata muda. Aliutanguliza mkono.

Alikuwa ameketi juu ya barafu, kofia imeanguka, ameushika mkono wa kushoto kifuani. Nilimwomba radhi. Nilisema mimi ni mwanafunzi, nimekwenda kasi nisiyoiweza. Hakuchukua hata neno moja la hayo. Aliniuliza:

"Umekwenda kwa nani?"

Nilijifanya sikuelewa. Aliuliza tena, kwa sauti ileile, kama hakimu ambaye jibu analo mezani. Nikasema Baukje. Alitikisa kichwa, akaomba kofia yake.

Hospitalini walisema kifundo cha mkono kimeteguka, hakikuvunjika. Wiki nne za bendeji. Daktari aliuliza ajali ilitokeaje. Gosse alisema mkwewe amepata elimu.

 Nyumbani Ymkje alisema mengi, na yote ni haki.

22 Januari

Mvua. Barafu imefunikwa na maji.

23 Januari

Mvua.

25 Januari

Kwa kuwa hakuna barafu, nimefanya kazi ninayoijua. Nimewahoji watu sita, kila mmoja peke yake, swali moja: anayeanza asukume vipi kwa mguu wa kushoto? Doeke: sawa na wa kulia. Baukje: sawa na wa kulia. Mwokaji: sawa, na kwa nini nauliza. Ymkje: sawa, na niache. Muuza viatu vya barafu mjini Leeuwarden: sawa. Gosse: fupi.

Mashahidi watano kwa mmoja. Nimeona watu wakifungwa kwa ushahidi mwembamba zaidi. Na bado siku ile ya kuanguka, aliyekuwa sahihi kuhusu kitakachotokea ni yule mmoja, na hakuonekana kushangaa. Mkono umemvimba kama mkate, na hajawahi kunilaumu kwa kuanguka. Ananilaumu kwa Baukje. Nimeligeuza jambo hili kila upande na haliingii popote.

28 Januari

Nyuzi saba chini ya sifuri. Maji yaliyokuwa juu yameganda yakawa kioo.

Ymkje alinikuta nafunga buti. Alisema hatamkataza baba yake, kwa sababu alijaribu mwaka ule wa ngazi na mwaka ule wa trekta na hakufaulu. Ananiambia mimi. Akianguka tena, hata kwa wepesi, hata kama atacheka, mzunguko haupo, na atakayempa habari ni mimi.

"Ana nafasi moja tu iliyobaki, Sjef. Wewe na mimi tunajua hilo. Ama umfikishe, ama usimtoe."

Nilikwenda kwa Gosse. Alikuwa ameketi dirishani, bendeji mkononi, ufito umeegemea ukuta. Nilimwambia nitasukuma atakavyo, kulia ndefu, kushoto fupi, na sitauliza tena mpaka mzunguko uishe. Nimeshafanya makubaliano magumu kuliko hayo na watu nisiowaamini. Huyu namwamini, simwelewi tu.

Alisema, "Basi tuanze na kukaa. Umeanza kunyanyuka."

Nilikuwa nimesimama kwenye zulia.

31 Januari

Kushoto fupi, mara mia tatu, uwanjani, peke yangu. Baukje alipita na watoto wake.  Hiske alisema: "Bado hujajua."

2 Februari

Gosse hajasema "ncha" leo hata mara moja. Hajasema "kaa" tangu jana. Nilipomaliza alikuwa anaongea na Doeke kuhusu bei ya nyasi, amenipa mgongo. Sijui kama alisikiliza.

5 Februari

Ufito tena, mfereji mzima hadi kinu cha kwanza na kurudi. Hatukuongea ila "ufa" mara tano na "daraja" mara mbili. Kuna mahali, kama mita mia, nilihisi ufito hauna uzito, kana kwamba hakuna aliyeushika upande wa pili. Sikugeuka.

6 Februari

Sentimita kumi. Doeke anataka kumi na mbili.

8 Februari

Kumi na mbili na nusu, amepima mahali kumi na tisa. Mzunguko ni Jumamosi. Redio inasema Jumapili upepo utageuka na barafu itaanza kuyeyuka. Kwa hiyo ni Jumamosi au basi.

Gosse amenoa vyuma vyote vinne kwa kupapasa. Ymkje amekata soseji na mkate mweusi, akavifunga mara mbili kwenye karatasi. Hatazamani na mimi.

10 Februari

Tumeondoka saa mbili na dakika kumi asubuhi, nyuzi nne chini ya sifuri, theluji nyembamba kama unga juu ya barafu. Kadi zetu zilipigwa muhuri wa kwanza darajani. Aliyeugonga wa Gosse alimwuliza kama ni wa thelathini. Gosse alisema atajua jioni.

Kinu cha kwanza, kilomita tatu na nusu: hakuna la kuandika. Magoti, pua, kidole. Nilitazama mbele kiasi cha mita kumi, umbali ambao si ushauri wa Doeke wala wa mwokaji, ni mahali ambapo ufa ukionekana bado kuna muda wa kusema. Watu walitupita wakitupungia. Doeke alitupita akiwa na wenzake sita kwenye mstari mmoja, akapaza sauti kwamba mzee amepata farasi. Gosse alimjibu kwamba farasi huyu anasoma na kuandika.

Kati ya kinu cha pili na cha tatu kuna mahali mtaro mdogo unaingia mfereji mkuu, na maji yanayoingia hula barafu kutoka chini. Niliona weusi mbele, upana wa meza, hauna alama. Nilisema "simama". Hatukufundishana kusimama wawili. Nilikaa chini kabisa, nikageuza vyuma taratibu, na nyuma yangu nilisikia vyuma viwili vikifanya hivyohivyo, wakati uleule. Tulisimama mita tano kabla. Tulizunguka kwenye matete, kwa magoti, mimi nikiwa nimeshika ufito na yeye ameshika upande wake. Mapigo ya moyo wangu yalikuwa mia na arobaini. Ya kwake sikuyauliza.

Kinu cha tatu kiko karibu na daraja lililo chini mno, mtu hapiti chini yake. Pale watu hupanda ukingoni na kuvuka barabara juu ya mazulia makuukuu, na vyuma miguuni. Mwenye mihuri alikuwa Tryntsje, mwanamke wa rika la Gosse, aliyejifunika blanketi mpaka kidevuni. Alitutazama tukipanda. Alipiga muhuri wa Gosse, kisha akaushika mkono wake bila kuuachia.

"Nimekuona unakuja kutoka kule kwenye kona," alimwambia. "Nikasema, yule Gosse. Halafu nikaona Gosse mwingine nyuma yake. Nikajua sasa na mimi macho yamekwisha."

Gosse alisema ni baridi.

"Si baridi. Tangu ng'ombe wako alipokupiga teke la goti la kushoto sijaona mtu mwingine anateleza hivyo. Na leo mko wawili." Alinigeukia. "Na wewe ng'ombe gani alikupiga?"

Nilisema hakuna.

Gosse alikuwa ameketi kwenye benchi akila soseji. Nilirudi juu ya zulia mpaka ukingoni nikatazama chini. Hakuwa amepita mtu mwingine baada yetu, na theluji ilikuwa imetunza kila kitu. Kulikuwa na mistari miwili ya michirizi, mmoja juu ya mwingine. Kulia ndefu, kushoto fupi. Kulia ndefu, kushoto fupi. Mpaka kwenye kona. Nilijaribu kutenganisha yangu na yake. Nimefanya kazi ya kutazama vitu kwa miaka thelathini na mbili, na sikuweza.

Nilikumbuka ngazi za nyuma, mguu wa kulia kwanza. Nilikumbuka mara ngapi nimesimama ukingoni na kalamu, nikaandika muda wake, namba yake, rangi ya kofia yake. Miguu yake sikuwahi kuitazama. Na mwaka huu wote alikuwa nyuma yangu, mahali aliponiambia nisigeukie.

Nilikwenda kuketi kando yake. Nilisema makubaliano yalikuwa nisiulize mpaka mwisho, lakini nimepata jibu kabla ya swali. Hanifundishi kuteleza. Amenifundisha kuteleza kama yeye, pamoja na kilema.

Alitafuna mpaka akamaliza.

"Nyuma ya Doeke ningekokotwa," alisema. "Doeke ana mguu wake. Mimi sioni mguu unaanza lini na unaisha lini. Wa kwangu ndio ninaoujua bila kuona."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia siku ya kwanza.

"Ungekwenda kumwuliza Baukje kama ni sawa." Alijifuta vidole kwenye suruali. "Ulikwenda hata hivyo."

 Tulifunga kamba zilizolegea, tukavuka barabara.

Kutoka kinu cha tatu hadi cha nne ni upepo usoni. Mapaja yangu yalikwisha kwenye kilomita ya kumi na mbili, na kuanzia hapo nilikaa kwa ubishi tu. Nilitaja nyufa ishirini na tatu. Hakuyumba hata mara moja. Tulipogonga muhuri wa kinu cha nne ilikuwa saa tano na robo na kofia yake ilikuwa na barafu kwenye ukingo.

Baada ya kinu cha nne mfereji unapanuka na kunyooka mpaka darajani kwetu, mita mia nane. Klabu ilikuwa imeufagia. Kipaza sauti cha darajani kilikuwa kinasoma majina ya wanaofika. Nilitazama kwa makini, kulia na kushoto, mara mbili, kisha nikamwambia kwamba mbele hakuna ufa wala mtu, na kama anataka kwenda mbele, ukingo uko pande zote mbili na sauti iko katikati.

Alifikiri. Tulisimama, tukageuza ufito, nikapita nyuma.

Alikaa chini, chini kuliko ninavyoweza, mgongo wa paka, mkono wenye bendeji umelala juu ya kiuno. Kwa mara ya kwanza niliutazama mguu ule: unaanza, unafika nusu, unakatika. Nusu ya njia nilifumba macho. Nilitaka kujua kwa hakika, si kwa kusimuliwa. Nilihesabu misukumo kumi na minne, kulia ndefu, kushoto fupi, na kila mmoja ulianza pale nilipoutegemea na kuishia pale nilipoutegemea. Nilipofumbua, Ymkje alikuwa darajani, mikono yote miwili mdomoni.

Alimpokea baba yake. Kisha akaniuliza kwa nini niko nyuma, tulikubaliana niwe mbele. Nilimwambia nitamweleza. Bado sijapata namna.

11 Februari

Mvua tangu asubuhi. Doeke ameweka bendera nyekundu darajani.

14 Februari

Baukje amenikuta posta. Amesema majira yajayo, kama nikitaka, atanirekebishia mguu wa kushoto. Ni kazi ya wiki mbili tu, msingi ninao. Nilimshukuru. Nilimwambia kwa sasa mguu huo unatumika.

17 Februari

Maji yamefunguka. Bata wamerudi katikati ya mfereji.

Gosse amenitaka niuweke ufito bandani. Kwa kawaida hulala juu, kwenye maboriti, kwa sababu kati ya baridi moja na nyingine inaweza kupita miaka minne. Nilikuwa nimeshapanda ngazi aliposema kutoka mlangoni kwamba huko juu hataufikia. Niliteremka. Nimepigilia misumari miwili karibu na mlango, usawa wa kiwiko chake, nikauweka hapo. Aliupapasa mara moja kutoka ncha hadi ncha, akaenda ndani, mguu wa kulia kwanza.